Wanasesere wa Bahati Waliokwenda Vitani

Miongoni mwa wakusanyaji wa mapambo ya kale wamo wasioshughulika na ukubwa wa johari wala uzito wa dhahabu, bali hutafuta vipambo vidogo vyenye sura ya mwanasesere, vya kutundikwa mkufuni au katika bangili, ambavyo mtu akivitupia jicho mara moja hudhani kwamba ni mzaha mtupu wa sonara. Katika jamii hiyo sijui anayestahili kutangulizwa mbele ya Fumsup, mwanasesere wa Uingereza aliyeenea wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Urefu wake ni kadiri ya sentimita 3 au pungufu. Kiwiliwili ni cha fedha, au cha dhahabu ya karati 9 kwa mwenye uwezo, au cha madini hafifu kwa asiyekuwa nao. Lakini kichwa, ambacho ni kikubwa kupita kiasi, ni cha mti. Vidole gumba vyake vimesimama, kwa ishara ambayo Waingereza huitumia kuarifu kwamba mambo ni salama, na mikono yake imeungwa kwa namna ya kuweza kuzunguka hata ikafika kichwani. Hapo ndipo ilipo siri yake: Waingereza wana ada ya kugusa mti kila wanapoitaja heri waliyo nayo, isije ikawaponyoka, na askari aliyekuwa handakini aliweza kuwa na mwanasesere mwenye mti wake mwenyewe, tena mwenye mikono ya kuugusa kwa niaba yake.

Akina mama na wachumba waliwanunua madukani, wamefungwa juu ya kadi yenye beti chache za kuchekesha, wakawapa vijana wao waliokuwa safarini kwenda Ufaransa. Hirizi yetu ya pwani hushonwa ndani ya ngozi, maandishi yake hayaonekani, na mvaaji haoni haya kukiri kwamba anataraji kinga. Ilhali Fumsup huonyeshwa wazi, na mvaaji wake akiulizwa alikuwa na nafasi ya kucheka na kusema kwamba ni mchezo tu. Nionavyo mimi, mzaha ule ulikuwa ni stara. Mtu aliyefunzwa tangu utotoni kwamba ushirikina ni jambo la wajinga alihitaji kisingizio cha kuvaa kago, na kikaragosi chenye kichwa cha mti kilimpatia kisingizio hicho pasipo kumvunjia heshima.

Wafaransa nao walikuwa na wao, tena wa sufi. Mwaka 1913 mchoraji Francisque Poulbot alikuwa amebuni wanasesere wawili, Nénette na Rintintin. Na ulipofika mwezi wa Machi 1918, Wajerumani walipoanza kuupiga mji wa Paris kwa mzinga uliokuwa zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, watu waliyachukua majina hayo wakawapa vikaragosi wa nyuzi za sufi, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, waliofungwa pamoja kwa uzi na kuvaliwa kama kinga ya makombora. Ilisemwa kwamba hawafai kitu asilani wakitenganishwa, na kwamba sharti wawe zawadi, kwa maana aliyejinunulia mwenyewe hakupata ila sufi. Sharti ambalo wakusanyaji wa leo, wanaowalipia fedha nyingi minadani, wamekubali kulisahau. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo askari wa Kimarekani, Lee Duncan, aliokota watoto wa mbwa katika kijiji kilichobomolewa huko Lorraine, akawaita wawili kwa majina ya wanasesere wale, na ndiyo asili ya jina la Rin Tin Tin, mbwa aliyepata umaarufu mkubwa katika sinema.

Haya yote yangalipotea lau si watu wa tabia ya Edward Lovett, aliyezaliwa 1852 na kufariki 1933, mtumishi wa benki mchana, na katika saa zake za faragha mtembezi wa mitaa ya maskini ya London na bandarini, akinunua au kubadilishana kago na wachuuzi na mabaharia. Aligundua kwamba katika mji uliojisifu kwa elimu, watoto walivishwa shanga za buluu kuwakinga na maradhi ya kifua. Mwaka 1925 alitoa kitabu kiitwacho Magic in Modern London, na vitu vyake vingi vimo katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Fadhila yake kubwa ni kuuliza kitu kimetoka kwa nani na kilivaliwa kwa sababu gani, maana kipambo kisicho na habari zake ni nusu ya kipambo.

Anayetaka kuanza kukusanya na atazame kwanza chapa. Simba atembeaye huthibitisha fedha halali ya Kiingereza, nanga ni alama ya Birmingham, na herufi iliyo kando yake hutaja mwaka. Ingawa vipambo vidogo mno aghalabu havikupigwa chapa. Mikono isiyozunguka, iliyomiminwa pamoja na kiwiliwili, yapasa kutiliwa shaka, kwa kuwa nakala za siku hizi ni nyingi. Kichwa kinacholegea si aibu, kwani mti hunywea kwa miaka. Wala asifanye haraka ya kukisugua kipambo mpaka king'ae: ule ulaini wa usoni, pale pua ilipokaribia kufutika, umetokana na kidole gumba cha mtu aliyekipapasa mfukoni mara nyingi, na wakusanyaji wenye maarifa hulipa zaidi kwa ajili yake.