KATA BATI BILA CHECHE: Somo tulilopata Katwe

Mwezi huu tunawaletea habari ya kazi ya mikono, kwa sababu vijana wetu wengi hapa Kampala wanaingia kwenye kazi ya bati. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na bati haliulizi diploma. Lakini linataka akili. Sisi wenyewe tulikaribia kuumia.

Ilikuwa hivi. Tulitaka kutengeneza sigiri kubwa, ile kwetu Kongo tunaita babula, ya kupikia watoto uji. Tukapata pipa la lita 200 kwa bei nzuri, tukalibeba mpaka Katwe. Wengi mnapajua: mafundi wanagonga chuma kutwa nzima, wanatengeneza sigiri, milango, na masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kutuazima grenda. Fundi mmoja mzee akafungua kizibo cha pipa, akanusa, akarudi nyuma.

"Mwalimu, hili lilibeba nini?"

"Petroli, Mzee. Lakini ni tupu, hakuna hata tone."

"Tupu? Hapana. Limejaa. Mnataka leo tuzike nani?"

Tulidhani anatutania. Hakuwa anatania.

PIPA TUPU SI TUPU

Kinachowaka si petroli yenyewe, ni mvuke wake. Pipa likiwa limejaa, ndani hakuna nafasi ya hewa. Likimwagwa, mvuke unabaki na kuchanganyika na hewa, na hapo ndipo hatari inaanza. Mvuke ukifika hata asilimia 2 tu ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha kulipua pipa lote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi kutoka juu, unalala chini. Na ukiliosha pipa kwa maji na sabuni, petroli iliyojificha kwenye mikunjo ya chuma inatoa mvuke mpya.

Dizeli nayo msiidharau. Ikiwa baridi haiwaki upesi, lakini moto wa grenda au wa gesi ukiipasha, inatoa mvuke vilevile. Basi pipa lililobeba petroli, dizeli, rangi au spiriti, hapana kulikata. Hata kwa tindo, kwa sababu chuma kikigonga chuma kinaweza kutoa cheche. Nunua pipa ambalo limeshafunguliwa.

CHOMBO GANI KWA KAZI GANI?

Kwa bati safi, ambalo halikubeba mafuta, kuna njia nyingi za kukata. Chagueni hivi:

1. Mkasi wa bati. Huu ndio wa kwanza kwa bati la paa na la masanduku. Hautoi cheche wala hauli umeme. Bati la dukani lina namba inayoitwa geji: 28, 30, 32. Namba ikipanda, bati linakuwa jembamba zaidi, na mkasi unayakata yote hayo. Kuna mkasi wa kunyoosha, wa kupinda kushoto na wa kupinda kulia. Ile yenye mishiko ya rangi, kwa kawaida njano ni ya kunyoosha, nyekundu ya kushoto, kijani ya kulia. Unapokata, usiufunge mkasi mpaka ncha zikutane. Fungua kidogo kabla, usogeze mbele. Hivyo ukingo hautakuwa na meno.

2. Msumeno wa chuma. Unafaa kwa kipande kinene au kwa bomba. Kwa bati jembamba chukua wembe wenye meno madogo, 32 kwa inchi moja, ulibane bati katikati ya mbao mbili na ukate vyote pamoja. Bila mbao, bati linatetemeka na meno yanakatika.

3. Tindo na nyundo. Hivi ni vya bati nene kama la pipa, ambalo lina unene wa karibu milimita 1. Kelele ni nyingi na cheche moja moja inaweza kuruka, kwa hiyo kazi hii ifanyike nje. Kichwa cha tindo kikichanua kama uyoga, kikwanguliwe, maana vipande vyake vinaruka machoni.

4. Grenda. Ni ya haraka, lakini ile ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Zile nyota mnazoziona ni vipande vya chuma vinavyoungua hewani. Inatakiwa kuondoa kila kinachoshika moto kwa mita 10 au zaidi. Jiulizeni, katika muzigo zetu, ambako jirani anapika mlangoni na godoro la watoto liko nyuma ya pazia, mita 10 hizo ziko wapi? Cheche inaweza kulala ndani ya godoro bila moshi, moto ukaonekana saa moja baadaye wakati fundi ameshaondoka. Tena grenda inaunguza zinki ya bati, na pale pale kutu inaanza. Unaharakisha kazi leo, mvua inakuja kukudai kesho.

KABLA YA KUANZA

Vaa glavu nene, miwani na viatu vilivyofunikwa. Ukimaliza, piga tupa kwenye kingo zote, kisha okota vipande vidogo kabla watoto hawajavikanyaga. Aliyekatwa na bati aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, halafu aende kituo cha afya kuuliza sindano ya pepopunda. Kidonda kidogo pia kinaweza kuleta pepopunda.

Wazazi, kijana wako akikuambia amepata kazi ya kukata mapipa, usimuulize kwanza analipwa ngapi. Muulize: lilibeba nini? Unakata kwa chombo gani? Nani analala karibu?

Sisi tulilifunga lile pipa, tukalirudisha kwa aliyetuuzia. Mzee akatuonyesha nusu pipa la mafuta ya kupikia, lililokuwa limefunguliwa tayari na kusafishwa. Mlango wa majivu tukaukata kwa tindo, pole pole, mchana mzima. Mikono ilituuma siku mbili. Sasa sigiri inapika uji, na watu wote tuliokwenda Katwe siku ile tupo, tunaunywa na watoto.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.