Sahani Iliyovunjika Ilipwe na Nani?

Wenye migahawa wa Dar es Salaam wanapotafuta ushauri kuhusu wafanyakazi, huuliza kwanza watawapata wapi wahudumu wazuri. Mimi huomba kwanza daftari la makato. Humo mna glasi mbili, kuku aliyeungua, mteja aliyeondoka bila kulipa, kuchelewa siku ya mvua. Mwisho wa mwezi mhudumu anapokea mabaki ya mshahara, kisha tajiri anashangaa kwa nini kijana amehamia mgahawa wa jirani unaolipa kiasi kilekile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimzuii mwajiri kufidiwa hasara, ila imemwekea masharti. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi chanzo chake na hesabu yake. Apewe nafasi ya kupinga. Na akubali kwa maandishi. Hata akikubali, makato hayazidi robo ya ujira wake wa fedha. Sasa mteja akichomoka na bili Ijumaa usiku, wakati mhudumu mmoja ameachiwa meza kumi na mbili, kosa ni la nani? Zamu ile aliipanga meneja. Na glasi kuvunjika ni gharama ya biashara, sawa na gesi na mkaa. Iingizwe kwenye bei ya chakula, yaishe.

Bakshishi nayo imeleta ugomvi mpya. Zamani mteja aliacha noti mezani. Siku hizi analipa kwa lipa namba, anaongeza elfu mbili za mhudumu, na hizo elfu mbili zinaingia kwenye simu ya tajiri pamoja na mauzo. Wahudumu wanajua kabisa nani kaacha nini. Ni tajiri anayedhani hawajui. Ziandikwe pembeni zilipwe usiku uleule, na jikoni wapate fungu lao lililokubaliwa mapema. Mgawo huo si rahisi popote. Huko New York, Danny Meyer alianza kufuta bakshishi katika migahawa yake mwaka 2015 kwa sababu wahudumu waliwaacha wapishi mbali mno kwa kipato. Bei za vyakula zikapanda, wahudumu kadhaa wakaondoka, na mwaka 2020 bakshishi zikarudi.

Kuhusu muda wa kazi, sheria iko wazi: wiki ya kawaida haizidi saa 45, ziada hulipwa mara moja na nusu, na kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ila nyongeza hiyo haimfikishi mtu Mbagala mkifunga saa sita usiku na daladala zimeadimika. Bodaboda inameza alichopata. Bajaji moja ya kukodi kwa wanaokaa njia moja ni nafuu kuliko kumfundisha mgeni kila baada ya miezi miwili.

Sasa tuje kwenye kuajiri. Vyeti vya chuo vina faida yake, lakini mpishi apimwe jikoni na mhudumu apimwe ukumbini, kwa zamu moja yenye watu, na siku hiyo alipwe. (Kumjaribu mtu wiki nzima bure ni unyonyaji, tuuite hivyo.) Mimi huangalia anafanya nini oda zinapopungua: anafuta meza, anauliza kesho kuna nini, au anashika simu? Kasi atafundishwa. Macho ya kuona meza chafu kabla hajaambiwa sijui yanafundishwaje.

Akiondoka, mlipe siku zake zote na umpe cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake kisheria. Usimzungushe kwa “njoo Jumatatu”. Wapishi wa mji mmoja wanafahamiana, na yule unayemtamani achukue nafasi hiyo, kabla hajakupa jibu, atampigia simu aliyetoka kuuliza kama mshahara wake wa mwisho aliupata.