Barabara ya Bugarama: kushuka ndiyo ngoma

Anayeondoka kwa baiskeli kutoka Gasenyi, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura unaoegemea miguu ya milima, ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni tambarare. Atateremka hadi uwanda wa Imbo, kisha ashike kaskazini kuelekea Cibitoke, au kusini kuelekea Rumonge akiwa na ziwa upande wake wa kulia, jua likimchoma utosi, na miguu isimuume sana. Ya pili ni barabara ya taifa nambari moja, ambayo kila mtu huiita RN1. Hiyo inapanda, na inaendelea kupanda hadi Bugarama. Makala haya ni ya wanaochagua ya pili.

Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa mita 770 na ushee kutoka usawa wa bahari. Bugarama iko juu ya mita 2,000, na kati yake na mji kuna kilomita zipatazo 35. Ukigawanya, unapata mita kama 40 za kupanda kwa kila kilomita. Kwenye karatasi si mpando wa kutisha. Kinachomaliza watu ni kwamba hauna mapumziko. Kila ukidhani kona iliyo mbele ndiyo ya mwisho, unaipita na kukuta nyingine, na lori lililokutangulia dakika kumi zilizopita unaliona juu yako likiendelea kukoroma.

Warundi huiita Mumirwa miteremko hii inayotazama magharibi. Hapa hakuna ardhi iliyoachwa bure. Migomba inaning'inia mahali ambapo mbuzi angesitasita kukanyaga. Mihogo na maharage yamepandwa kwenye vishamba vilivyosimama kama ukuta. Ukifika upande wa Nyambuye, geuka utazame nyuma. Mji wote uko chini yako, mto Rusizi unajikunjakunja uwandani kabla ya kuingia ziwani, na ng'ambo ya maji inainuka milima ya Uvira, nchini Kongo. Ukipita Mubimbi hewa inaanza kubadilika. Joto linabaki chini, mikaratusi inaongezeka, na mashamba ya viazi yanachukua nafasi ya migomba. Ukifika juu, jasho ulilolipata kule chini linakugeukia kuwa baridi ya mifupa, na ukungu unaweza kukufunika saa sita mchana. Aliyeondoka na fulana peke yake atajuta.

Kwa msafiri wa mara ya kwanza, mambo machache yatamfaa. Msimu mzuri ni wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Miezi ya masika lami huteleza na kingo za barabara huporomoka. Ondoka alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Mtanzania au Mkenya akumbuke kwamba Burundi magari hupita upande wa kulia, na kwenye kona kali mazoea ya nyumbani yanaweza kukuua. RN1 ndiyo njia kuu ya kuingia Bujumbura kutoka bara: malori yaliyobeba shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam huingilia mpaka wa Kobero, kisha hushukia hapa. Ukiwa na baiskeli yenye gia, usione haya kuweka gia nyepesi kuliko zote. Wapo watakaokucheka, lakini hao wanapanda kwa namna nyingine kabisa.

Hao ndio wenye barabara. Ni vijana wanaoteremsha ndizi, makaa na mboga kutoka milimani hadi masoko ya mjini, juu ya baiskeli za chuma, nzito, zisizo na gia hata moja. Mtazame mmoja wao akifunga mzigo. Kwanza anaangalia keria, ambayo imeongezewa vyuma na fundi wa kijijini ili isikunjike. Anatandika majani makavu ya mgomba ili ndizi zisichubuke. Mikungu miwili mikubwa huwekwa ubavuni, mmoja kila upande, ili baiskeli isilalie kushoto wala kulia. Mingine hupangwa juu, vichwa vikitazama nyuma, kisha yote hubanwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, ikivutwa kwa goti na meno. Akimaliza, hutikisa mzigo kwa mikono miwili. Ukicheza hata kidogo, anafungua na kuanza upya, maana mkungu ukilegea kwenye kona hakuna atakayeweza kuurudisha. Mara nyingi uzito alioufunga unamzidi mwenyewe.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na hapa ngoma yenyewe inapigwa kwa breki. Baiskeli za aina hii zina raba ndogo zinazobana ringi. Raba hizo zilikusudiwa kumsimamisha mtu mmoja kwenye barabara ya kawaida. Mpe mtu huyohuyo mzigo unaomzidi uzito na mteremko wa zaidi ya kilomita 30: ringi inapata moto, raba inalika, na ule ukali wa kushika unapungua kadiri unavyouhitaji zaidi. Ndiyo maana wengi hutelemka mguu mmoja ukiwa tayari, soli ya kandambili ya tairi ikikandamizwa kwenye gurudumu au kuburuzwa kwenye lami. Hutelemka wakifuatana, wameinama juu ya usukani, na hulipita lori lililo kwenye gia ndogo bila kugeuza shingo. Wakianguka, huanguka vibaya.

Kurudi juu ni habari nyingine. Kusukuma baiskeli tupu kwa kilomita 35 za mpando ni kazi ya siku nzima, na siku hiyo haina malipo. Kwa hiyo hungoja lori linalopanda polepole, hushika chuma cha nyuma kwa mkono mmoja, na mkono wa pili hubaki kwenye usukani. Wakati mwingine lori moja huvuta kundi zima, kila mmoja akiwa na kona yake ya kushikilia. Dereva hawaoni wote. Akikanyaga breki ghafla, au gurudumu la mbele likiingia shimoni, hakuna muda wa kuwaza. Polisi hukataza, vijana huachia wanapowaona, kisha hushika tena baada ya kona. Wapiga picha wa kigeni wamekuja mara nyingi kuwapiga picha, nazo hupendwa kwa sababu ya ule ujasiri. Lakini ujasiri si neno ambalo kijana mwenyewe angelitumia. Yeye anapiga hesabu ya safari: kushika lori ni kupata safari nyingine, kutoshika ni kulala na deni la ndizi.

Bugarama yenyewe ni soko lililokaa kwenye njia panda. Karoti, kabichi na viazi vimepangwa kando ya lami, wanawake wamejifunga vitenge viwili viwili kwa sababu ya baridi, na abiria wa mabasi hununua kupitia dirishani. Hapa barabara zinaachana: RN2 inakwenda Muramvya, mahali pa kale pa wafalme, kisha Gitega, na RN1 inaendelea Kayanza na mpaka wa Rwanda. Maji nayo huachana hapa. Uko juu ya mgongo wa milima unaogawa mabonde ya mito Kongo na Nile. Mvua inayoangukia upande wa magharibi huteremka na wewe hadi Ziwa Tanganyika, halafu hutoka kwa mto Lukuga kwenda Kongo na Bahari ya Atlantiki. Inayoangukia mashariki huingia Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria, na mwisho wake ni Misri.

Mwendesha baiskeli aliyebakiwa na nguvu asirudi hapo. Mbele kidogo, upande wa Teza, mashamba ya chai yanapakana na msitu wa Kibira, na pale ndipo mtu huelewa kwamba nchi hii yote ya milima iliwahi kuwa na sura nyingine. Zamani wafalme wa Burundi waliutumia msitu huu kwa kuwinda. Tangu mwaka 1980 ni hifadhi ya taifa. Umebaki na takriban kilomita za mraba 400, ukienda kaskazini kuungana na Nyungwe ya Rwanda, ambayo UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023. Pande nyingine zote umezungukwa na mashamba, hivyo ni kisiwa kweli, ila bahari yake ni maharage na viazi. Ndani mna sokwe na mbega, mna mianzi, na mna vijito vinavyolisha bwawa la umeme la Rwegura. Kuingia ni kwa kibali cha OBPE, taasisi ya serikali ya mazingira, na ni vyema kuulizia hali ya usalama kabla ya kuondoka, maana Kibira imewahi pia kuwa maficho ya watu wenye silaha. Kuvuka hadi Nyungwe nako kuna kizuizi: Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda.

Hao majirani wana la kutufundisha, licha ya siasa. Milima yao haipiti yetu kwa uzuri, na ndizi zao nazo zimebebwa kwa baiskeli miaka nenda rudi. Lakini Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Njia yao ya kandokando ya Ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi, yenye kilomita 227, inaleta wageni wanaolala vijijini na kula vijijini. Mambo hayo hayakuanza na watalii. Miaka ya 2000, Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, alipofika huko alianza na baiskeli ndefu za mizigo kwa wakulima wa kahawa. Timu ya taifa ilikua katika miaka hiyohiyo, na mwaka 2012 Adrien Niyonshuti alishindana katika baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London.

Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya jiji la Bujumbura na katika mitaa mingi, sababu ikiwa usalama barabarani. Ajali zilikuwepo, hakuna anayebisha. Lakini uhaba wa mafuta uliofuata umelaza magari kwenye foleni za vituo siku baada ya siku, na chombo pekee kisichodai petroli ni kilekile kilichofukuzwa. Mji unakula ndizi zilizoletwa na baiskeli kisha unaionea haya baiskeli yenyewe.

Kwa hiyo wanaozungumzia utalii wa baiskeli Burundi waanze na RN1 na watu wake. Kinachohitajika hakina siri: ukingo wa lami wenye upana wa kumtosha mtu na mzigo wake, hasa kwenye kona, breki zinazofaa mteremko, ziuzwe kwa bei ambayo muuza ndizi anaweza kuilipa, na gari la kupandisha baiskeli tupu asubuhi na jioni kwa nauli ndogo, ili mtu asilazimike kuning'inia. Barabara itakayomrudisha kijana huyu nyumbani salama itamfaa mtalii bila kuongezwa kitu. Iliyojengwa kwa ajili ya mtalii peke yake itaishia kwenye lango la hoteli.

Nawe unayepanga safari, kagua breki zako Bugarama kabla ya kuachia pedali. Na ukisikia magurudumu mazito nyuma yako kwenye kona, kaa kando: mwenye mzigo ndiye mwenye njia.