Umefuta Akaunti Na Picha Zote Zikaenda? Usiguse Kitu, Soma Hii Kwanza

Wacha nikuulize. Laptopu ya nyumbani kwenu inatumika na watu wangapi? Kama ni kama yetu hapa Garissa, kila mtu ako na akaunti yake: siste, brathe, hadi kazeni mwenye alikuja likizo kutoka Wajir na hajawahi kuifungua tena. Siku moja diski inajaa, unaamua kusafisha. Unaona akaunti yenye huelewi ni ya nini, unaifuta. Kesho yake siste anauliza picha za harusi yake ziko wapi.

Manze, ile baridi unaskia kwa tumbo naijua, hata kama nje jua inachoma vile Garissa huchoma. Ilinipata mimi. Kwa hiyo akaunti kulikuwa na picha za aroos na, mbaya zaidi, picha za babu zenye mathee alikuwa amepeleka saiba kuskaniwa. Zile za karatasi ziliharibiwa na mafuriko ya Tana mwisho wa 2023. Hakukuwa na kopi ingine.

Mimi niliacha koleji, kompyuta nimejifunza kwa kuziharibu. Kwa hivyo skiza mtu mwenye amechomeka.

Ni nini hasa imefutika?

Ukiambia Windows ifute akaunti pamoja na data yake, inaondoa folda yote ya huyo mtu ndani ya C:\Users. Hizo faili hazipitii Recycle Bin, kwa hivyo usipoteze muda kuzitafuta huko.

Lakini kwa diski ya kawaida, ile ya kuzunguka, picha zenyewe hazijaenda bado. Fikiria ploti kwa bulla. Nyumba bado imesimama, ila mtu amefuta jina la mwenyewe kwa rejista na kuandika "ploti iko wazi, yeyote ajenge". Picha inakufa siku faili ingine inajengwa juu yake. Hiyo faili inaweza kuwa muvi umedaunlodi, apdeti ya Windows, ama hata hiyo programu ya kurudisha picha umekimbilia kuinstoli. Wasee wengi hawapotezi picha wakati wa kufuta. Wanazipoteza kwa lile saa moja la kupaniki baadaye.

Kama laptopu yako ni ya juzi juzi, pengine iko na SSD. Hapo mambo ni ngori. Kuna amri inaitwa TRIM yenye inaambia diski ibomoe hizo nyumba kabisa, na mara nyingi haichukui muda. Sitakudanganya, kwa SSD chansi ni kidogo sana. Tegemea zaidi kopi za kwingine.

Cheki mbili za haraka, halafu zima

Cheki ya kwanza: fungua C:\Users uone kama folda yenye jina la hiyo akaunti bado iko. Kuna njia zingine za kufuta akaunti zenye huondoa jina tu na kuacha folda. Ukiipata, kopi kila kitu kwa diski ya nje, kazi kwisha.

Cheki ya pili: angalia deskitopu yako. Ukifutia akaunti kwa Control Panel, Windows huuliza kama ibakishe faili. Kama ulibonyeza "Keep Files", picha ziko ndani ya folda mpya hapo hapo.

Hakuna kitu? Zima mashini. Na tafadhali usifungue akaunti mpya na jina lile lile ukidhani picha zitarudi. Hata jina likifanana, Windows inaihesabu kama mtu mpya kabisa. Itakupatia folda tupu, na kuijenga juu ya ploti zako.

Tafuta kopi kabla ya kutafuta miujiza

Shika simu sasa. Kama hiyo akaunti ilikuwa imeunganishwa na OneDrive, ingia huko kwa intaneti. Kufuta akaunti kwa laptopu hakufuti picha zenye zilishapanda huko. Cheki Google Photos pia, pamoja na takataka yake: picha zenye zilikuwa na bakapu hukaa hapo siku 60 kabla ya kwenda kabisa. Uliza grupu ya familia kwa WhatsApp. Zitakuwa zimepunguzwa ubora, lakini ni afadhali hizo kuliko hadithi. Na mpigie mwenye alipiga picha za harusi, umwombe asitumie ile memori kadi tena.

Sasa ndio tunachimba

Toa diski, iunganishe na kompyuta ingine kwa kebo ya USB. Kama ikiuliza ufunguo wa BitLocker, mwenye laptopu aingie kwa akaunti yake ya Microsoft aucheki, mara nyingi huwa umehifadhiwa huko. Halafu tumia PhotoRec, ni ya bure kabisa, ama Recuva. Sheria ni moja: programu iwe kwa hiyo kompyuta ingine, na picha zenye zinapatikana zihifadhiwe kwingine. Usiwahi kuzirudisha kwa diski ile ile yenye unachimba.

Jipange na muda. Skani inaweza kula masaa mengi, na PhotoRec hairudishi majina ya zamani. Utapewa namba tupu, na picha za harusi zimechanganyika na kila takataka yenye ilipita kwa intaneti.

Ukipeleka kwa fundi

Hapa kwetu hii ndio sehemu watu husahau. Kwa harusi, upande wa wanawake mabuibui hutolewa, na hizo picha si za macho ya kila mtu. Kwa hivyo usiache diski kwa duka ukaenda kunywa chai. Kaa hapo, ama siste akae na mtu mwenye anamwamini. Elewaneni bei mapema, na utalipa nini kama hakuna kitu kimepatikana. Akimaliza, hakikisha hajabaki na kopi. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya mtu ni data yake. Sasa kama uko na usiri wa familia kwa hiyo diski, uliza kabla, si baada.

Na mimi je?

Nilirudisha kama nusu. Siste alipata za kutosha, ameanza kuniongelesha. Ya babu ilirudi moja tu: uso uko sawa, lakini kuanzia kifua kushuka ni kijivu tupu. Kuna kitu kilikuwa kimejengwa hapo. Nahesabu siku mbili nilizokaa nikitizama series kwa hiyo laptopu kabla siste aulize, najua ni nini.

Leo usingoje ikufike. Kopi folda ya picha kwa diski ya nje, kopi ingine iweke kwa nyumba ya shangazi upande wenye maji hayafiki, na ingine kwa intaneti. Halafu ukitaka kufuta akaunti ya mtu, mpigie kwanza. Hiyo simu ni ya bob ngapi?