SMITH, MTU WA KUCHEKESHA KWA SAUTI

Kila mtaa uko na mtu mmoja ambaye akianza kusimulia jambo, hata la kuanguka kwenye matope, watu wote wanacheka. Leo tunataka kuwaonyesha mtu aliyefanya hivyo na akapata mkate wake.

Jina lake ni Pete Smith. Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1892. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kutangaza sinema na wachezaji wake. Ni kazi gani hiyo? Ni kuandikia magazeti habari za kusifu, ili watu watamani kununua tikiti. Katika miaka ya 1920 alifika kuwa mkubwa wa kazi hiyo kwenye shirika la Metro-Goldwyn-Mayer. Angalieni vizuri: jina la wengine lilikuwa kubwa, na yeye alikaa nyuma ya pazia.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alianza kutia sauti yake katika filamu fupi. Zilikuwa za dakika kumi hivi, na watu walizionyeshwa mbele ya sinema kubwa. Wachezaji wenyewe walikuwa kimya. Smith ndiye alisema, kwa sauti kavu, kama mtu asiyejua kwamba anachekesha. Alisema juu ya nini? Juu ya michezo, jikoni, bwana anayejaribu kutengeneza kitu nyumbani na kukiharibu zaidi. Mchezaji Dave O'Brien ndiye aliyeanguka na kuumia mara nyingi katika filamu hizo!

Filamu moja, Penny Wisdom ya 1937, ni ya bibi mmoja ambaye mpishi wake ameacha kazi siku ile ile bwana analeta mkubwa wake kula. Mama gani hapa hajui woga huo? Ilipata zawadi ya Oscar. Nyingine, Quicker'n a Wink ya 1940, ilipata vilevile. Humo mwalimu Harold Edgerton alionyesha, kwa taa za kuwaka upesi sana, namna povu la sabuni linavyopasuka na yai linavyovunjika katika feni. Watu walicheka, na kumbe walikuwa wanajifunza.

Smith alifanya filamu zaidi ya 150, mpaka 1955. Wakati huo televisheni ilikuwa imeingia katika nyumba, na filamu fupi hazikuwa tena na nafasi. Mwaka 1954 alipewa Oscar ya heshima.

Ndugu, hatutawaficha mwisho. Mwaka 1979, akiwa mzee wa miaka 86 na mgonjwa, Smith alijiua. Mtu aliyechekesha mamilioni!

Basi vijana, tunabaki na mambo mawili. La kwanza: ile akili unayotumia kwa kazi ya mtu mwingine inaweza siku moja kukufungulia kazi yako mwenyewe. Smith hakuanza upya. Maneno ni yale yale, alibadilisha tu mahali pa kuyatia. La pili: mzee anayetuchekesha sana nyumbani, tusifikiri kwamba hana mzigo. Akinyamaza, tumwendee. Tukae naye, tumuulize: «Baba, uko namna gani, kweli kweli?» Na tungojee jibu.