Kupunguza Mfuko wa Chakula kwa Upasuaji: Mambo ya Kufahamu



Katika ukaguzi wa chama kimoja cha akiba na mikopo nilikuta ombi la mkopo wa matibabu ambalo kamati ililikataa kwa maneno mawili tu: "Ni urembo." Mwombaji alitaka kupunguzwa mfuko wa chakula, kwa kuwa unene ulikwisha kumletea kisukari. Kamati ina haki ya kukataa mkopo, lakini si vema iamue jambo isilolifahamu.

Unene uliopita kiasi ni maradhi. Hupimwa kwa kugawanya kilo za mtu kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa chenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 102.4 hupata 40. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 uliruhusu upasuaji kwa waliofikia 40, au 35 wakiwa na maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vilipendekeza 35, na kwa wenye kisukari 30.

Njia zinazotumika zaidi ni mbili. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa robo tatu ya mfuko au zaidi, ukabaki mrija wenye umbo la ndizi. Kilichokatwa hakirudishwi. Ya pili, iliyoanzishwa na Daktari Edward Mason huko Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960, hutenga kifuko kidogo upande wa juu na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Kwa njia zote mbili mtu hushiba upesi, na homoni za njaa hubadilika. Kisukari nacho mara nyingi hupungua.

Hata hivyo, mshono waweza kuvuja, damu yaweza kuganda mishipani, na asiyeshika masharti ya chakula huweza kunenepa tena. Vidonge vya vitamini na madini humezwa maisha yote.

Kwa hiyo, ombi la namna hii lifikapo, kamati iulize:

1. Je, ipo barua ya daktari?
2. Je, gharama za vidonge na vipimo vya baadaye zimehesabiwa?
3. Je, mwombaji ataweza kurejesha mkopo huku akiendelea kuzilipa?

Mwisho, makatibu watunze siri. Maradhi ya mwanachama si mazungumzo ya barazani, wala si kichekesho cha mkutano mkuu.