Chumvi Haizuii Rangi Kutoka

Hewa Bora, hapa Lubumbashi, kama kwingineko mjini, wapo wanaolowesha kikwembe kipya cha pamba katika beseni la maji ya chumvi ili rangi ishike. Maji ya beseni hayachafuki sana, na mwenye nguo anatulia. Kikifuliwa tena pamoja na shati jeupe, shati linatoka na madoa. Chumvi imefanya kazi yake, ila watu wanaitarajia kufanya kazi nyingine.

Uzi wa pamba umejengwa kwa selulosi. Ndani ya maji, selulosi hubeba chaji hasi, na rangi nyingi za pamba hubeba chaji hiyo hiyo, kwa hiyo vinasukumana. Chumvi hupunguza msukumano huo, rangi ikausogelea uzi na kutulia juu yake. Nguo ikirudi kwenye maji yasiyo na chumvi, msukumano unarudi na rangi inaondoka. Siki nayo haiifungi rangi kwenye pamba.

Udhaifu huu ni wa zamani. Mwaka 1884 mkemia Mjerumani Paul Böttiger alisajili rangi nyekundu iliyoingia kwenye pamba moja kwa moja, bila pamba kutiwa dawa nyingine kwanza. Kampuni ya AGFA ya Berlin iliiuza kwa jina la Nyekundu ya Kongo, wakati Mkutano wa Berlin ulipokuwa umelivumisha jina la Kongo Ulaya nzima. Ilipendwa kwa wepesi wake, lakini ilichuja kwenye sabuni, na ikiguswa na asidi kali iligeuka buluu.

Njia ya kwanza ya kuuepuka udhaifu huo ni ile ya nili: rangi isiyoyeyuka majini. Mwaka 1901 René Bohn wa BASF aligundua buluu ya namna hiyo, imara kuliko nili yenyewe. Mafundi wa batiki wanaijua kazi ya rangi za namna hiyo: dawa za kostiki na haidrosi huiyeyusha rangi, kitambaa huinywa, kisha hewa huirudisha katika hali ya kutoyeyuka ikiwa tayari ndani ya uzi.

Njia ya pili ilipatikana Manchester. Mwaka 1954 Rattee na Stephen wa kampuni ya ICI walitengeneza rangi inayoungana na selulosi kikemia, na mwaka 1956 ikaingia sokoni kwa jina la Procion. Chumvi huisogeza rangi, magadi soda huifunga, tena bila kuchemsha. Kwa fundi anayepikia makala, yaani makaa, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini maji nayo huungana na rangi hiyo. Molekuli iliyokwisha kuungana na maji haiwezi tena kuushika uzi. Inabaki imeegemea tu, kama mgeni asiye na kitanda. Ndiyo maana wanakemia walitengeneza baadaye rangi zenye sehemu mbili za kuungana, ili nyingi zaidi ishike na kidogo imwagwe mferejini.

Mabaki hayo lazima yatolewe kabla ya kuuza. Kwanza nguo husuuzwa kwa maji baridi ili chumvi na magadi vitoke, kisha kwa maji ya sabuni yanayokaribia kuchemka, mpaka yawe meupe. Hapa makala yaliyookolewa mwanzoni yanahitajika, na fundi anayebana matumizi hapa anamwachia mnunuzi amalizie kazi.

Kipimo ni rahisi. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kilaze juu ya kikwembe, kipige pasi ya moto mpaka kikauke, kisha kifunue. Rangi ikihamia, nguo haijasuuzwa vya kutosha au rangi yake ni ya kuegemea. Maabara nazo hufua nguo pamoja na vitambaa vyeupe na kutoa alama kuanzia 1 hadi 5.

Fundi aingize makala ya kusuuzia katika bei tangu mwanzo, na mnunuzi akubali kuyalipia. Rangi nzuri isiyosuuzwa vizuri itachuja tu, hata ikilazwa kwenye chumvi usiku kucha.